Mbwa mkubwa: nani atamtembeza?

Katika familia nyingi za mjini, mazungumzo ya kununua mbwa mkubwa huanza asubuhi ya siku ambayo wezi wameruka ukuta. Mtungi wa gesi haupo, nguo zilizoanikwa hazipo, na nyayo ziko wazi kwenye udongo wa bustani. Kabla ya saa 4 baba ameshampigia simu rafiki mwenye rafiki anayeuza mbwa, na jioni picha zinazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba anasema Rottweiler ndiye mwisho wa maneno. Shangazi anasema achukuliwe "mbwa wa polisi". Watoto wamemwona kwenye simu mbwa mwenye macho ya bluu na manyoya mengi, na hawataki kusikia habari ya mwingine.

Maswali yanayoulizwa huwa matatu: ni mkali, anakula nini, bei gani. Swali la nne, ambalo ndilo linaamua kama mbwa huyo atakuwa mlinzi au balaa, mara nyingi halimjii mtu yeyote mpaka mbwa ameshafika: nani atamtembeza, saa ngapi, kwa muda gani, kila siku, kwa miaka 10?

Jibu la haraka ni kwamba hahitaji kutembezwa kwa kuwa uwanja upo. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mbwa akiachwa peke yake kwenye uwanja, hata uwe mkubwa kiasi gani, hafanyi mazoezi. Siku mbili tatu za mwanzo atauzunguka na kunusa kila kona, kisha atalala karibu na geti au karibu na mlango wa jikoni na kusubiri watu. Kinachomchosha mbwa vizuri ni kutoka: kutembea mwendo mrefu na mtu wake, kunusa harufu mpya za njiani, kuona watu na magari, kusikiliza amri na kuzitii. Nusu saa ya namna hiyo inamtuliza kuliko siku nzima ya kuzurura ndani ya ukuta anaoujua tofali kwa tofali.

Na wapo wasiopata hata huo uwanja. Mtindo uliozoeleka ni mbwa kufungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku watu wakishalala, kwa imani kwamba asiyeona watu ndiye atakuwa mkali. Ukali unapatikana kweli, ila haubagui. Mbwa aliyekaa saa 14 kwenye banda la mita mbili hajui tofauti ya mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira, wala ya mwizi na bibi aliyekuja kutoka kijijini na kuamka usiku kwenda chooni. Siku geti likisahaulika wazi, anatoka na nguvu zote alizolimbikiza mwaka mzima. Mtu akishaumwa, familia inalipa hospitali, inaitwa kituoni, inakosana na jirani, na mbwa anauawa au kupelekwa shamba. Watoto waliompa jina wanaambiwa amepotea.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha yoyote, familia ianze kwa kujiangalia yenyewe. Chukua nyumba ya kawaida: baba anatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na kurudi saa 2 usiku. Mama ana duka na anafunga saa 1. Basi la shule linapita saa 12 na robo asubuhi na kurudisha watoto saa 10 jioni, wakiwa na kazi za nyumbani za kujaza meza. Dada wa kazi yupo siku nzima, na kazi zake zinamtosha. Jumamosi baba na mama wanakwenda jogging na kikundi cha mtaani, kilomita nane, fulana za rangi moja. Familia hii ikiulizwa itasema inapenda mazoezi, na si uongo. Lakini kwa hesabu ya mbwa ina siku moja nzuri na sita za ukame. Kumkimbiza mbwa kilomita nane Jumamosi baada ya kumlaza wiki nzima ni kama kumtoa mtu kitini na kumpeleka uwanjani dakika 90. Atajitahidi kwa sababu anampenda bwana wake, na Jumapili atashindwa kuinuka.

Kinachohesabiwa ni kile kinachofanyika Jumatano yenye mvua. Kama Jumatano hiyo kuna mtu mmoja mwenye dakika 40 asubuhi na mwingine mwenye dakika 30 jioni, familia ina uwezo wa mbwa mkubwa wa kawaida. Kama kuna saa mbili, inaweza kufikiria wale wenye moto zaidi. Kama kuna dakika 15 tu, na hizo ni za dada wa kazi, basi ichukue mbwa mdogo, au ipandishe ukuta na kuweka taa zenye kuwaka mtu akipita. Taa haihitaji kutembezwa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo aina zinapoanza kuwa na maana, kwa sababu kila aina kubwa ilitengenezwa na watu kwa kazi fulani, na kazi hiyo bado iko mwilini mwake.

Huyu anayeitwa mbwa wa polisi, German Shepherd, ni mfano mzuri. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni katika jeshi la farasi la Ujerumani, alianzisha chama cha kuendeleza aina hiyo kutokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kutembea kandokando ya kundi kutwa nzima, kuzuia kondoo wasiingie kwenye mazao, na kumtazama mchungaji kila mara kuona anataka nini. Polisi na majeshi walimpenda baadaye kwa sababu hiyohiyo: hachoki upesi na anataka kuelekezwa. Leo mbwa mwenye urithi huo, dume wa kilo 30 hadi 40, anafungwa mnyororo chini ya mwembe huko Kimara au Ruiru, halafu watu wanashangaa kwa nini anabweka usiku kucha, anachimba mashimo na kutafuna ndoo. Anatafuta kazi. Asipopewa atajitafutia mwenyewe, na moja ya kazi anazojitafutia ni kuwachunga watoto: wakikimbia uani anawazunguka, anawabana kona na kuwadona visigino kwa meno. Wazazi wanadhani amegeuka mkali, kumbe anafanya alichofanya babu yake kwa kondoo.

German Shepherd anaifaa familia yenye saa moja na nusu hadi mbili kwa siku, na yenye mtu mmoja anayependa kufundisha. Mtoto wa miaka 14 asiye na hamu ya mpira lakini mwenye subira anaweza kuwa mtu huyo. Kumfundisha kukaa, kusubiri, kuja akiitwa na kutafuta kitu kilichofichwa kunamchosha akili, na akili ikichoka mwili nao unatulia. Asiye na muda huo asimchukue, hata akipewa bure.

Familia ya wakimbiaji hasa, wale wa kila siku wala si wa Jumamosi tu, ina mbwa wake, naye ni wa bara hili. Rhodesian Ridgeback anajulikana kwa mstari wa manyoya yaliyosimama kinyume mgongoni. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na asili yake ni mchanganyiko wa mbwa walioletwa na wazungu na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Alitumika kuwasaka simba: si kuwaua, bali kuwazunguka na kuwashughulisha mpaka mwindaji afike. Manyoya yake mafupi yanavumilia joto kuliko ya wengi wa ukubwa wake, na miguu yake mirefu haioni shida kilomita 10. Ndani ya nyumba, akishakimbia, ni mpole na hupenda kulala kwenye kochi kama mgeni aliyechoka.

Ila ni mwindaji. Mtaa wenye kuku wanaozurura na mbuzi wa jirani ni majaribu kwake kila asubuhi, na kumwita akishaanza kufukuza ni kupoteza sauti. Halafu kuna suala la uzito. Dume wake ana kilo 36 hivi. Mtoto wa miaka 10 ana kilo 30 na kidogo. Akiona paka upande wa pili wa barabara, si mtoto atakayeamua waende wapi. Hesabu hiyo ya kilo ifanywe kwa kila mbwa mkubwa: asiyeweza kumzuia mbwa akiwa amesimama imara asipewe kamba barabarani, hata kama mbwa "ni mpole sana".

Walio wengi zaidi ni familia za kutembea. Hawakimbii, lakini jioni wanaweza kutoka pamoja, baba, mama na watoto, wakazunguka mtaa saa nzima wakiongea. Hao Labrador anawafaa kuliko wanavyodhani. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kule Kanada, waliovuta nyavu na kuokota samaki walioponyoka. Anapenda maji, watoto na wageni. Tatizo lake kubwa ni tumbo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba Labrador mmoja kati ya wanne hivi ana kasoro ya jeni inayomfanya aendelee kusikia njaa hata akishakula. Katika nyumba ambayo kila mtu anadondosha ugali chini ya meza, Labrador asiyetembezwa anakuwa pipa kabla ya miaka mitatu, na nyonga na magoti yanakufa mapema. Kuhusu ulinzi, atabweka kwa sauti nzito ya kumtisha asiyemjua. Lakini mwizi akishaingia na kipande cha nyama, huenda akaoneshwa njia ya kwenda stoo.

Rottweiler, chaguo la mjomba, alipewa jina la mji wa Rottweil nchini Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe kwenda sokoni. Ni mbwa wa mwendo wa ng'ombe: mwendo mrefu, wa taratibu, wenye nguvu. Dume anaweza kufika kilo 50. Hafai kukimbizwa juani, kwa kuwa ule mwili mweusi na mzito unashika joto upesi, lakini matembezi mawili ya dakika 40 au 45, asubuhi na jioni, yanamweka sawa. Anachohitaji zaidi ni kulelewa na watu tangu mdogo na kuwa na mtu mzima mmoja thabiti asiyebadilisha amri kila siku. Rottweiler aliyelelewa hivyo ni mtulivu ajabu. Aliyelelewa bandani kwa kuchokozwa na fimbo "ili awe mkali" ni kilo 50 za hatari, na kosa ni la aliyeshika fimbo.

Wale warefu kama ndama, akina Great Dane, huwachanganya watu. Inadhaniwa kwamba ukubwa ule unataka mazoezi mengi kuliko wote, kumbe akishakomaa hutosheka na matembezi ya kawaida na kulala. Gharama yake iko kwingine: chakula, dawa zinazopimwa kwa kilo, na umri. Wengi huishi miaka 7 hadi 10 tu. Familia inayomnunulia mtoto wa darasa la kwanza ijue kwamba huenda mtoto huyo akamzika rafiki yake wakati wa mitihani ya kumaliza msingi. Kuhusu yule wa macho ya bluu, husky wa Siberia, jibu ni fupi. Alitengenezwa kuvuta sleji kwenye barafu, ana manyoya ya tabaka mbili, na anataka kukimbia kuliko karibu mbwa wote. Kumleta Dar es Salaam, Mombasa au Tanga ni kumtesa, na feni haisaidii kitu.

Anayesahaulika kwenye mazungumzo yote haya ni mbwa wa kienyeji. Wapo wenye umbo kubwa, kifua kipana na miguu mirefu, hasa waliolishwa vizuri tangu wadogo. Joto wamezaliwa nalo, manyoya yao ni mafupi, na hawana mzigo wa magonjwa ya kurithi unaotokana na kuzalishwa ndugu kwa ndugu. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 20 au 25 anatembea na familia saa nzima bila kuhema sana, anawatambua wa nyumbani na wageni, na habweki hovyo. Anayemdharau ni kwa sababu hamwongezei hadhi getini. Nairobi, shirika la KSPCA limekuwa likiwatafutia makao mbwa waliookotwa au kuachwa, na wengi wao ni machotara wakubwa walioshakomaa.

Kukomaa huko ni faida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mbwa wa miaka miwili anajulikana tayari: uzito wake, nguvu zake, anavyowatazama watoto, kama anaogopa pikipiki. Anaweza kuanza kutembea na familia wiki hiyohiyo. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili ni bahati nasibu, na tena hawezi kufanya mazoezi ambayo familia ilimchukulia. Mifupa ya mbwa wa aina kubwa huendelea kukua kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na kwa wale wakubwa kabisa hata zaidi ya hapo. Kabla ya umri huo, kumkimbiza kwenye lami, kumrusha vizuizi au kumpandisha na kumshusha ngazi mara kwa mara kunaweza kuharibu viungo kwa maisha yake yote. Wafugaji wengi hutumia kanuni ya dakika tano kwa kila mwezi wa umri: wa miezi minne atembezwe dakika 20, kisha acheze mwenyewe kwenye nyasi na kupumzika anapotaka. Baba mwenye hamu ya kukimbia marathoni na mbwa wake itabidi akimbie peke yake kwanza.

Huku kwetu, saa ya kutoka ni muhimu kama muda wenyewe. Mbwa hana jasho la mwili mzima kama binadamu. Hupoza mwili kwa kuhema. Kwenye miji ya pwani, saa 3 asubuhi jua limeshakuwa adui. Kipimo rahisi ni mgongo wa mkono: uwekwe juu ya lami kwa sekunde saba, na ukiunguza, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Mbwa anayehema kwa nguvu bila kupumzika, mate yakiwa mazito na miguu ikiyumba, awekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida mwilini, na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Nairobi, Arusha, Mbeya na kwingine kwenye baridi kuna nafuu. Wakazi wa Nairobi wana hata msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa kwenye kamba.

Chakula kifuate matembezi, kisitangulie. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, Great Dane kwanza na German Shepherd nyuma yake, wanaweza kupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, na kukimbia akiwa ameshiba kunahesabiwa miongoni mwa mambo ya kuepuka. Tumbo linakuwa gumu kama ngoma, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, hatulii mahali pamoja. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni mbio kwa daktari, kwa kuwa saa chache tu zinatosha kumuua. Alishwe mara mbili kwa siku kidogo kidogo badala ya sufuria moja kubwa usiku, na kati ya mlo na matembezi ipite saa moja au mbili.

Alfajiri ndiyo saa nzuri ya mbwa, lakini ndiyo pia saa ya watu kwenda msikitini. Katika mitaa ya Waislamu, jambo hili linastahili heshima ya kweli. Kwa Washafi, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi inayotakiwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo; mzee aliyetia udhu na kuvaa kanzu safi hawezi kuona ni mzaha mbwa akimnusa. Kamba iwe fupi, mbwa apitishwe upande wa pili wa barabara, na njia ya mbele ya msikiti iachwe saa ile. Kinyesi kiokotwe kwa mfuko. Jirani aliyeheshimiwa ndiye atakayepiga simu siku geti likiachwa wazi.

Mbwa anayetoka nje hukutana na mbwa wasio na mwenyewe, kwa hiyo chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari. Kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. WHO inasema karibu visa vyote vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na asilimia 40 hivi ya waathirika ni watoto walio chini ya miaka 15. Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mchubuko na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Baada ya kila matembezi ya majanini akaguliwe kupe, hasa masikioni na katikati ya vidole.

Halafu kuna mtu ambaye hakuulizwa. Katika nyumba nyingi kamba huishia mikononi mwa dada wa kazi. Baba alimnunua mbwa, watoto walimpa jina, lakini baada ya mwezi ni dada anayempikia, anayeosha banda na anayetakiwa kumzungusha mtaa, wakati yeye mwenyewe amekua akiambiwa mbwa anauma. Anamwogopa, mbwa anajua kwamba anaogopwa, na siku wakikutana na mbwa mwingine njiani dada anaachia kamba na kukimbia. Si haki kumlaumu. Kama ndiye atakayemtembeza, aitwe mezani siku ya kuchagua, aulizwe kama yuko tayari, apelekwe kumwona mbwa kabla hajanunuliwa, apunguziwe kazi nyingine au aongezwe mshahara. Akisema hapana, hapana yake iheshimiwe kama ya mtu mwingine yeyote mle ndani, na kazi hiyo irudi kwa wenye mbwa. Hayo yanamhusu pia mlinzi wa usiku, ambaye aliajiriwa kulinda geti.

Njia nzuri ya kujua ukweli ni kufanya mwezi mmoja wa kamba tupu. Familia ipange ratiba kana kwamba mbwa yupo: Jumatatu baba saa 11 na nusu alfajiri, Jumanne mama na mtoto mkubwa saa 12 jioni, na kuendelea hivyo mpaka Jumapili, kila mtu na zamu yake ukutani karibu na friji. Kila siku mtu atoke, atembee muda uliopangwa, arudi na kuweka alama. Mvua ikinyesha, atoke. Akiwa na mgeni, atoke. Mwisho wa mwezi alama zihesabiwe bila kuoneana haya. Zikiwa 25 na zaidi, familia imeshapata jibu na pengine imeshapungua kilo mbili tatu. Zikiwa 11, nalo ni jibu, na limekuja kabla ya kuwa na kiumbe cha kilo 40 kinachosubiri mlangoni. Watoto hupenda jaribio hili, na ndio huwasuta wazazi kwa ukali zaidi.

Wapo wasomaji ambao wameshavuka hatua hiyo. Mbwa yuko bandani sasa hivi, mkubwa kuliko ratiba ya nyumba. Huyo hawezi kutolewa ghafla na kukimbizwa. Aanze na dakika 10 kila asubuhi ndani ya uwanja, kamba ikiwa shingoni, na mtu mmoja yuleyule, mpaka aache kuvuta. Kisha nje ya geti saa ambayo mtaa umetulia, dakika 15, halafu 20, akiongezewa kila wiki. Kama amewahi kuuma au anawarukia wapita njia, avalishwe kifunika mdomo kinachomwezesha kufungua mdomo na kuhema, na daktari wa mifugo amwone kwanza, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu ya nyonga au sikio naye huwa mkali. Mnyororo ubadilishwe kwa waya mrefu uliofungwa baina ya nguzo mbili, kamba ikiteleza juu yake, wakati familia ikijipanga. Na kama baada ya miezi mitatu ratiba bado haijapatikana, atafutiwe nyumba yenye miguu, kwa uwazi, mpokeaji akielezwa tabia zake zote na kukabidhiwa kadi ya chanjo mkononi. Watoto waambiwe anakokwenda, na wakitaka, waende kumsalimia.